Divisheni II ya pointi 19: baba anataka PCB, binti anataka kupima ardhi

SWALI

Mwalimu, shikamoo. Naandika kutoka Ifakara. Binti yangu Neema amemaliza kidato cha nne na amepata Divisheni II ya pointi 19. Kiswahili na Jiografia ana B. Uraia, Historia, Kiingereza, Baiolojia, Kemia na Hisabati ana C. Fizikia ana D. Baba yake anataka aende kidato cha tano kombi ya PCB (masomo ya Fizikia, Kemia na Baiolojia) awe daktari, na ndugu wote ameshawatangazia. Kaka yangu anasema asomee ualimu, serikali itamwajiri. Mwenyewe anataka Chuo cha Ardhi Morogoro akasomee kupima ardhi. Mwaka juzi wapima walikuja kumaliza ugomvi wa mpaka kati ya bibi yake na jirani, Neema akashinda nao siku tatu shambani akiwashikia fimbo. Baba yake hataki kusikia, anasema hiyo ni kazi ya kiume. Mimi nina duka la nafaka, shule niliishia darasa la saba, na mdogo wake Neema ndiyo yuko darasa hilo mwaka huu. Nimsaidieje mtoto bila kuleta ugomvi nyumbani? – Mama Neema

JIBU

Marahaba, Mama Neema. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama pale uliposema uliishia darasa la saba, kana kwamba hilo linakutoa kwenye mazungumzo haya. Halikutoi. Kwa mistari michache umenitajia matokeo ya mtoto somo kwa somo, na umenieleza jambo alilolifanya siku tatu nzima bila kutumwa na mtu. Nimekaa miaka mingi kwenye chumba cha ushauri nasaha, na wazazi wenye shahada zao wamekuja kwangu wakiwa na neno moja tu: "Ana Divisheni One." Ukimuuliza mzazi huyo mtoto alipata nini Kemia, anapiga simu nyumbani kuuliza.

Tuanze na alama hizo ulizonipa, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo nyumbani kwenu bado hamjaliona. Divisheni ni jumla tu. NECTA, yaani Baraza la Mitihani, huchukua masomo saba ambayo mtoto amefanya vizuri kuliko mengine, A ikiwa pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5, kisha hujumlisha. Neema ana B mbili, hizo ni pointi 4. Anaongezewa C tano, pointi 15. Hapo ndipo 19 inapotoka. Sasa hesabu tena masomo yake: yako tisa. Yaliyoachwa nje ni C moja, na ile D ya Fizikia. Maana yake Divisheni II ambayo baba yake anaishikilia ili binti aende PCB imepatikana bila Fizikia kuguswa. Na Fizikia ndiyo herufi ya kwanza ya PCB.

Chukua kalamu, tufanye hesabu nyingine fupi, ya kombi kwa kombi. PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia: 4 na 3 na 3, pointi 10. PGM, yaani Fizikia, Jiografia na Hisabati: 4 na 2 na 3, pointi 9. CBG, Kemia, Baiolojia na Jiografia: pointi 8. HGK, Historia, Jiografia na Kiswahili: pointi 7. Pointi zikiwa chache ndivyo mtoto alivyo na nguvu zaidi, kwa hiyo kwa karatasi peke yake Neema ni mtoto wa HGK, kombi ambayo kati yenu wanne hakuna hata mmoja aliyeitaja. Sikwambii umpeleke huko. Nakuonyesha tu kwamba kombi mnayoivutania ndiyo dhaifu kuliko zote nne.

D ya kidato cha nne ni alama kati ya 30 na 44 kwa mia. Fizikia ya kidato cha tano haianzi pale ya kidato cha nne ilipoishia. Inaruka juu, na inamtaka mwanafunzi aifanye kwa Hisabati. Ndiyo sababu wanafunzi wa PCB wanawekewa pia somo la nyongeza la Hisabati, wenyewe wanaliita BAM, na wengi hulichukulia kama usumbufu mpaka siku wanapogundua kwamba bila hilo mada nzima za Fizikia hazisomeki.

Hata hivyo, kabla ya kuifunga PCB moja kwa moja, tafuta matokeo ya Neema ya kidato cha pili na ripoti za shule za kidato cha tatu. Uangalie Fizikia ilikuwa inakwenda wapi. D ya mtoto aliyekuwa na F akapanda ni D ya mtu anayejifunza. D ya mtoto aliyekuwa na B akashuka ina habari nyingine: pengine mwalimu wa Fizikia alihama shule ikakaa mwaka mzima bila mwalimu, pengine mtoto aliugua, pengine alikata tamaa. Muulize Neema mwenyewe, tena muulize mkiwa mnachambua mchele au mnapika, si mbele ya baba yake na matokeo yakiwa mezani. Akikwambia "Mama, miaka miwili hatukuwa na mwalimu", hiyo D nitaisoma tofauti kabisa.

Nalisema hili kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita nilimshauri kijana mmoja aende PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, kwa sababu alikuwa na Divisheni I. Nilitazama divisheni, sikutazama kwamba Hisabati alikuwa na C iliyoshuka mwaka hadi mwaka, wala sikumuuliza anapenda nini. Kidato cha sita alipata F ya Hisabati ya juu, na milango ya uhandisi ambayo ndiyo iliyompeleka PCM ikafungwa yote. Alikuja baadaye kunisalimia, hakunilaumu, na kule kutonilaumu kuliniuma zaidi. Tangu siku hiyo sifungui mdomo kabla sijaona somo kwa somo.

Sasa nizungumze na baba yake kupitia kwako. Baba kutaka mtoto awe daktari si kosa, na tafadhali nyumbani asionekane kama mkosaji. Anaona Ifakara ina hospitali kubwa ya Mtakatifu Fransis, anaona watu wanavyotoka mbali kuja kutibiwa, anaona heshima ya koti jeupe. Lakini aijue njia yenyewe ilivyo. Kidato cha tano na cha sita ni miaka 2. Kusomea shahada ya udaktari mtoto anatakiwa awe amefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu, kwa alama kuu, yaani kuanzia E kwenda juu, na ushindani wenyewe unawataka wawe juu zaidi ya hapo. Akipata S, alama iliyo chini ya E, katika Fizikia, udaktari kwa njia hiyo umekwisha hata kama Baiolojia ana A. Kisha miaka 5 ya chuo kikuu, na mwaka 1 wa mazoezi ya kazi hospitalini kabla ya kusajiliwa. Jumla miaka 8, ukiacha miezi ya JKT na miezi ya kusubiri matokeo.

Na sasa jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Ile D ya Fizikia ambayo ni dhaifu mno kwa PCB inatosha kuombea stashahada ya utabibu. Vyuo vya afya vinavyofundisha utabibu hutaka ufaulu wa kidato cha nne katika Kemia, Baiolojia na Fizikia, na D ni ufaulu. Masomo ni miaka 3, mtoto anatoka akiwa tabibu, yule ambaye katika zahanati na vituo vya afya vingi ndiye anayekuona, anayekuandikia dawa, na ambaye watu wote wanamwita daktari. Akimaliza kwa alama nzuri anaweza baadaye kuomba shahada ya udaktari akitokea hapo. Kwa hiyo kama shida ya baba ni kumwona mwanawe akitibu watu, PCB si mlango pekee, na kwa alama za Neema wala si mlango wake bora. Ila mlango huu nao una sharti moja ambalo haliandikwi kwenye mwongozo wowote: Neema mwenyewe atake. Barua yako yote haina sentensi moja inayoonyesha amewahi kuvutwa na wagonjwa. Ina siku tatu za kushika fimbo.

Kwa kaka yako nitakuwa mfupi. Zamani mwalimu alipohitimu alipangiwa kituo, alikuwa anasubiri barua tu. Utaratibu huo haupo tena. Siku hizi mwalimu anaomba kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, anaitwa kwenye usaili, na wapo waliohitimu tangu 2015 ambao bado wanaomba. Ualimu ni kazi yangu, naipenda, na ningemshauri mtoto aingie kama anapenda kufundisha. Kuingia kwa sababu "serikali itaajiri" ni kutumia habari za zamani.

Tuje sasa kwa Neema, na hapa ndipo nitakapokaa kwa muda.

Mtoto wa miaka 16 au 17 hawezi kukwambia anataka kuwa nani maisha yake yote, na tunawaonea tunapowauliza hivyo. Atakutajia kazi tano au sita ambazo amewahi kuziona: daktari, mwalimu, mwanasheria, rubani, mhasibu. Kinachonisaidia mimi ni kuuliza amewahi kufanya nini bila kusukumwa, akasahau njaa. Neema alikaa siku tatu juani na watu wasio ndugu zake, kwenye kazi isiyo na malipo. Na fikiria alichokiona. Bibi yake na jirani walikuwa wanagombana kuhusu mpaka, kila mmoja na mti wake na shahidi wake. Wakaja watu na chombo cha miguu mitatu, wakapima, wakasimika bikoni, yaani alama za mpaka, ugomvi ukapata mahali pa kuishia. Bonde la Kilombero mnajua wenyewe damu iliyomwagika kwa ajili ya mipaka, mkulima na mfugaji, ndugu na ndugu. Wilaya zenu za Kilombero, Ulanga na Malinyi zilichaguliwa kwa mradi mkubwa wa kupima vijiji na kutoa Hatimiliki za Haki ya Kimila, zile zinazotokana na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Mtoto aliyekulia hapo akatamani kuwa mpima hajaota ndoto ya ajabu. Ameona shida ya nyumbani kwao, akaona na dawa yake.

Lakini siku tatu za kushika fimbo si kazi yote, na ningekuwa nakudanganya kama ningekuachia hapo. Shambani ni nusu. Nusu nyingine ni ofisini, mbele ya kompyuta, kuchukua vipimo vilivyoletwa na kuvikokotoa mpaka mpaka wa kiwanja ufunge bila kosa, kisha kuchora ramani. Ni hesabu za pembe na umbali, siku baada ya siku. Neema ana C ya Hisabati. Inatosha kuingilia, haitoshi kustarehe nayo. Mwambie achukue daftari lake la kidato cha nne arudie mada ya trigonometria yote, aifanye mwenyewe bila kutazama majibu. Kama baada ya wiki mbili bado ana hamu, nitaamini. Kama ataitupa siku ya tatu, nalo ni jibu, na ni afadhali alipate sasa hapo Ifakara kuliko alipate Morogoro ada ikiwa imeshalipwa.

Ajue pia ngazi za kazi yenyewe. Mwenye stashahada ni fundi sanifu. Anapima na kuchora chini ya mpima aliyesajiliwa, na ramani hiyo haina nguvu mpaka isainiwe na mpima huyo na kuidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani wa wizara. Anayetaka kusaini mwenyewe siku moja inabidi afike shahada na asajiliwe. Ajira zipo halmashauri, wizarani, kwenye kampuni binafsi za upimaji, kwenye ujenzi wa barabara na reli, na migodini. Za serikali zina usaili uleule niliousema kwa walimu. Za kampuni binafsi hufuata miradi: miezi minne una kazi mpaka Jumapili, miezi miwili unasubiri. Mzazi ajue hilo mapema ili mtoto akirudi nyumbani kati ya mradi na mradi asiitwe aliyeshindwa.

Na lile la kazi ya kiume. Mumeo amewaona wanawake wa Ifakara wakipandikiza mpunga, maji magotini, mgongo umepinda tangu alfajiri hadi saa nane, na sidhani kama aliwahi kusema hiyo ni kazi ya kiume. Ugumu wa mpima mwanamke upo kweli, ila hauko kwenye mikono. Uko kwenye kulala vijijini wiki mbili katika nyumba msiyoijua, kwenye porini pasipo na choo siku za hedhi, kwenye kiongozi wa kikundi asiye na adabu. Hayo muyazungumze wewe na binti yako waziwazi. Atafute wanawake waliomo kwenye kazi hiyo awaulize wanafanyaje. Hata chuoni atawakuta.

Sasa njia. Baba yake atasema, na wazazi wengi husema, kwamba mtoto asiyefika kidato cha sita amepotea. Tuhesabu. Neema akienda PGM, anasoma miaka 2, kisha Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, shahada ya upimaji ni miaka 4: jumla 6. Akienda Chuo cha Ardhi Morogoro, cheti na stashahada ni miaka 3, kisha shahada miaka 4: jumla 7. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, inamtambua mwenye stashahada anayeomba shahada, mradi awe na wastani wa GPA 3.0 au zaidi na ufaulu wake wa kidato cha nne. Tofauti ni mwaka mmoja. Katika njia ya kwanza mtoto akikwama kidato cha sita anarudi nyumbani na cheti cha kidato cha sita chenye Fizikia na Hisabati mbovu. Katika njia ya pili akikwama baada ya miaka 3 ana fani mkononi. Kwa mtoto mwenye A ya Fizikia na A ya Hisabati ningesema PGM bila kusita. Kwa Neema, mwenye D na C, nachagua Morogoro.

Kuna gharama, na wewe ndiye unayeshika duka, kwa hiyo zingatia. Kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali hakina ada tangu 2022. Mnabaki na godoro, sare, nauli na mahitaji. Chuoni kuna ada, malazi na chakula, na hesabu yake inarudi kila mwaka kwa miaka 3. Bodi ya Mikopo ilianza kukopesha wa stashahada mwaka wa masomo 2023/24, lakini ni kwa fani zilizotajwa tu, kwa hiyo mfungue mwongozo wa mwaka huu muone kama fani yake imo kabla hamjaipigia hesabu. Na mkopo ni deni: akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi mpaka liishe.

Katika Selform, ile fomu ya kuchagua kombi na vyuo, hamlazimiki kuchagua kimoja mkatupa kingine. Mfumo unaruhusu kujaza kombi na vyuo, na baada ya matokeo hufunguliwa kwa muda ili wanafunzi wabadilishe walichojaza shuleni. Dirisha hilo likifungwa limefungwa, kwa hiyo Neema aingie mapema, na aingie mwenyewe kwa namba yake, si kumwachia kijana wa stationari ambaye atajaza anachofikiri kinafaa. Nimeona watoto wakipangiwa kombi ambazo hawakuzitaja kamwe kwa sababu ya haraka ya mtu wa kompyuta. Aweke Chuo cha Ardhi kwenye vyuo, na kwenye kombi aweke CBG kwanza, PGM baadaye. Kwa nini CBG wakati haielekei kwenye upimaji? Kwa sababu akipangiwa kidato cha tano badala ya chuo, nataka awe mahali anapoweza kufaulu. CBG ina Jiografia anayoiweza, na inafungua kilimo, misitu, wanyamapori, mazingira na ualimu wa sayansi. Mwambie tu wazi kwamba CBG inaufunga udaktari, kwa kuwa haina Fizikia, na inaufunga uhandisi, kwa kuwa haina Hisabati ya juu. Mtoto akiingia akijua mlango gani unajifunga nyuma yake, halii baadaye. Mkikosa nafasi ya chuo kupitia Selform, bado kuna dirisha la maombi ya vyuo linalosimamiwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi.

Mtasikia pia kuhusu kombi mpya. Ni kweli, mwaka 2024 zilitangazwa 49 mpya zikafikia 65. Majina yake yanavutia. Kila moja iulizwe maswali mawili: shule gani inaifundisha ikiwa na walimu, na mwongozo wa TCU unaitaja kwenye shahada ipi. Isiyojibu yote mawili iacheni.

Sasa kuhusu amani ya nyumbani, maana ndilo swali lako la mwisho na ndilo zito. Usiende kwa mumeo na barua hii ukasema, "Mwalimu amesema umekosea." Sijasema hivyo. Baba yake ameshawaambia ndugu, na mtu mzima aliyeshatangaza anahitaji mahali pa kugeukia bila aibu. Fanya hivi. Muombe kitu kimoja tu: kabla ya kujaza Selform, Neema akae siku tatu hospitalini au kituo cha afya na siku tatu ofisi ya ardhi ya halmashauri. Siku sawa kwa sawa, ya baba na ya mtoto. Kituoni aende mahali ambapo mna mtu mnayemfahamu, aombewe ruhusa kwa mganga mfawidhi, akae mapokezi au kliniki ya mama na mtoto, asiguse mgonjwa. Ardhi aende akaone ofisi, si shambani tena, kwa sababu shamba ameshaliona. Kila jioni awaulize wafanyakazi mambo haya: leo umeingia saa ngapi na unatoka saa ngapi, siku gani mwaka huu ulitaka kuacha kazi, ulipohitimu ulikaa muda gani kabla ya mshahara wa kwanza, somo gani la shule ungelisoma zaidi kama ungerudi. Ayaandike majibu kwenye daftari. Siku ya saba awasomee wazazi wake wote wawili, yeye mwenyewe, kwa sauti yake.

Nimeliona daftari la namna hiyo likifanya kazi ambayo maneno yangu hayakuiweza. Baba anamsikiliza binti akieleza tofauti ya hatimiliki ya kimila na hati ya kiwanja, au akieleza jinsi alivyomwona tabibu akimpima mtoto mwenye degedege, na kwa mara ya kwanza anamwona mtu mwenye mawazo pale alipokuwa amezoea kumwona mtoto wake. Inawezekana kabisa Neema akatoka kituo cha afya akasema, "Baba, nataka utabibu." Ikiwa hivyo, mpe stashahada ya utabibu kwa moyo mweupe, usimlazimishe ardhi kwa sababu mimi niliisifu.

Baba akikataa hata hizo siku sita, mtafute mtu anayemheshimu. Mara nyingi ni shangazi wa mtoto, dada yake baba mwenyewe, ambaye anaweza kumwambia neno ambalo wewe ukilisema litakuwa ugomvi. Mpelekee shangazi ile hesabu ya pointi 10, 9, 8 na 7. Hesabu haimvunjii mtu heshima.

Miezi hii ya kusubiri kwenda kidato cha tano, wazazi wengi huwapeleka watoto masomo ya maandalizi na kulipia kombi ambayo mtoto hataisoma. Usilipe bado. Siku sita kwanza, trigonometria wiki mbili, halafu mtajua mlipie nini.

Na kwa yule mdogo wa darasa la saba: tangu Januari 2024 kidato cha kwanza kina mikondo miwili, wa jumla na wa amali, na wa amali unamfundisha mtoto fani sambamba na masomo. Kwake uamuzi utakuja mapema kuliko kwa dada yake. Anza sasa kuangalia anapotea wapi jioni baada ya kazi za nyumbani, na anarudi na nini mikononi.

Barua hii mpe Neema aisome mwenyewe. Mwambie nasubiri daftari lake, na chini yake aniandikie kwa mkono wake pembe za shamba la bibi zilikuwa nyuzi ngapi. Wapima hao lazima walizitaja, na kama alikuwa anasikiliza atakumbuka angalau moja.